Nani Anabaki na Gemu Seva Ikizimwa?

"Mjomba, hebu niangalizie. Linagoma kufunguka."

Mpwa wangu alikuwa amesimama mbele yangu na simu ya mama yake. Ilikuwa Jumapili mchana, Mbagala, wakubwa tumekaa sebuleni tunasubiri pilau liive. Nikadhani bando limekata. Bando lilikuwepo. Nikadhani simu imejaa, nikafuta video za kwenye magrupu. Gemu likabaki palepale, kiduara kinazunguka juu ya picha ya mwanzo. Mwishowe nikautafuta ukurasa wa waliolitengeneza, nikakuta tangazo fupi la Kiingereza: wanawashukuru wachezaji wote, seva, yaani kompyuta zao zilizokuwa zikiliendesha gemu mtandaoni, zimezimwa, akaunti zimefutwa.

"Sasa nyumba yangu iko wapi?"

Alianza kuijenga nyumba hiyo akiwa darasa la pili, na sasa yuko la sita. Kila mmoja wetu alikuwa na chumba humo. Changu kilikuwa na meza na dirisha linalotazama bahari, kwa sababu anajua nimetokea Tanga. Marehemu bibi yake naye alikuwa na chumba, na ilikuwa marufuku kwa mgeni yeyote kugusa rangi ya pazia la chumba kile. Wageni walikuwepo kweli: rafiki yake wa darasani, na msichana mmoja wa Mombasa waliyejuana humohumo, ambaye alikuwa akija jioni kumsaidia kumwagilia bustani.

Akaniuliza kama kuna kitu cha kulipia ili irudi.

Nilimwambia hakuna. Akauliza kama tukinunua simu nyingine. Nikamwambia hata tukinunua simu nyingine.

Hakulia. Alirudisha simu kwa mama yake, akaenda kukaa jikoni, na pilau lilipoiva hakutaka kula. Wiki zimepita, yeye ameshaendelea na mambo yake. Mimi swali lake bado linanisumbua, na naandika haya ili nilifikirie hadi mwisho.

## Banda la Ngamiani

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la hasira, na lilitoka mbali. Nilijiambia: sisi tulicheza magemu ambayo hakuna mtu angeweza kutuzimia.

Waliokulia Tanga wanaijua Ngamiani na barabara zake za namba. Banda letu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili, pazia mlangoni, TV za chogo zimepangwa ukutani, kila moja na PlayStation 2 yake, na mabenchi ya mbao. Mechi shilingi 200. Anayefungwa anampisha mwingine. Mwenye banda alikuwa amebandika kipande cha boksi ukutani chenye sheria zilizoandikwa kwa kalamu nzito, na ile iliyozozaniwa kuliko zote ilihusu Inter Milan. Kwenye Pro Evolution Soccer 5 ya mwaka 2005, Inter ilikuwa na Adriano, ambaye akipata nafasi ya mguu wa kushoto umekwisha, na Obafemi Martins, ambaye hapakuwa na beki wa kumfukuza. Sheria ikawa kwamba huchukui Inter mpaka mwenzako aridhie. Konami, waliolitengeneza gemu hilo, hawakuiweka sheria hiyo. Tuliiweka sisi, baada ya ugomvi mkubwa siku moja ya Ijumaa.

PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000 na zikauzwa takriban mashine milioni 160, idadi ambayo hakuna mashine nyingine ya gemu ya sebuleni iliyoifikia. Sony walitangaza kuacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. PES 2014, ambalo toleo lake la PlayStation 2 lilitoka Novemba mwaka huohuo, likawa miongoni mwa magemu ya mwisho kabisa kutolewa kwa ajili yake.

Ngamiani hakuna aliyeipata habari hiyo, na hata angeipata isingebadilisha kitu. Mashine ziliendelea kufanya kazi miaka na miaka. Lenzi ikichoka, fundi anaisogeza au anaibadilisha kwa lenzi ya mashine iliyokufa. Pedi ikilegea, inafunguliwa, raba zinasafishwa. Diski zilipochakaa kabisa, mafundi wakaanza kupakia magemu kwenye flashi na hadi diski za kompyuta. Hata majina ya wachezaji yalikuwa yakibadilishwa. Unacheza mpira wa mwaka 2006 huku jezi na vikosi ni vya msimu uliopita, kazi ya vijana fulani walioketi mbele ya kompyuta mahali fulani duniani. Brazil wanalo jina la kazi hiyo, Bomba Patch, na limedumu muda mrefu kuliko maisha ya mashine yenyewe kiwandani.

Huo ndio uhai ninaousema. Mtengenezaji amefunga vitabu, na gemu bado lina watu.

## Huko Ulaya wanapigania nini

Nikiwa na hasira hiyo, nikaanza kufuatilia kesi ya The Crew, ambayo nilikuwa nimeisikia juujuu tu.

The Crew ni gemu la magari lililotolewa na Ubisoft ya Ufaransa mwaka 2014. Unaendesha kuvuka ramani ya Marekani nzima iliyopunguzwa ukubwa. Mtu angeweza kulicheza peke yake mwanzo hadi mwisho, lakini lilitaka liwe limeunganishwa na seva muda wote. Desemba 2023 likaondolewa madukani. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na kuanzia siku hiyo hata mwenye diski halisi kabatini alibaki na plastiki. Barabara zote zikafungika.

Mmarekani mmoja mwenye chaneli ya YouTube, Ross Scott, akaanzisha kampeni aliyoiita Stop Killing Games. Anachodai ni kidogo sana ukikitafakari. Hasemi seva ziwashwe milele. Anasema kampuni ikiamua kuondoka, iliache gemu katika hali ambayo aliyelilipia bado anaweza kulicheza kwa namna fulani ya maana. Ombi hilo likapelekwa Umoja wa Ulaya kwa utaratibu wa raia kukusanya saini, na Julai 2025 saini zikavuka milioni moja.

Milioni moja ya watu wazima wamesaini kwa ajili ya magemu! Miaka michache nyuma ningedhani ni mambo ya walioshiba. Baada ya ile Jumapili, nilisoma kila ukurasa.

California nako wamepitisha sheria, inatumika tangu tarehe 1 Januari 2025: duka la mtandaoni likikuuzia gemu, filamu au kitabu cha kidijitali ambacho linaweza kukunyang'anya baadaye, lazima likwambie waziwazi kwamba unachopewa ni ruhusa tu. Ni hatua ndogo. Angalau mtu anajua anaingia kwenye nini.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari kuandika makala nyingine kabisa. Ingesema kwamba wale mabingwa wa Ulaya wanakitafuta kitu ambacho sisi wa mabandani tumekiishi miaka yote. Nilikuwa na hata aya ya kufungia.

Mambo mawili yalinizuia.

## Zile diski zetu

La kwanza nililijua tangu zamani, nikawa sipendi kulitazama.

Diski za bandani zilikuwa za kunakiliwa, zote. Zilikuja kwenye vifuko vya nailoni, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na mashine zilikuwa zimechipiwa ili zizikubali. Waliokaa usiku na mchana kule Tokyo wakitengeneza ule mguu wa kushoto wa Adriano hawakupata hata senti ya shilingi zetu 200. Tukiwa wakweli, gemu lilidumu mikononi mwetu kwa sababu tulilichukua bila kuuliza.

Je, mtu wa namna hiyo ana haki ya kunung'unika kwamba kampuni imemzimia?

Nimelizungusha swali hili kichwani kwa muda mrefu. Ni kweli pia kwamba diski halisi hazikuwepo madukani Tanga, na kama zingekuwepo, bei yake ingekula mauzo ya banda ya siku nyingi. Lakini kitu kuwa ghali hakukifanyi kiwe chako. Sitaki kujificha nyuma ya umaskini wetu, maana watengenezaji wengi wa magemu ni vijana wa mishahara ya kawaida, na sasa wapo hata Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, wanaojaribu kuishi kwa kazi hiyo. Wakinakiliwa hao, wanakufa njaa majirani zetu.

Upande wa pili nao unanivuta. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya magemu, Video Game History Foundation, ilichunguza magemu ya zamani yaliyotolewa nchini humo kabla ya 2010, ikakuta asilimia 87 hayauzwi tena popote kwa njia halali. Hata uwe na pesa mkononi, hakuna wa kumpa. Mengi ya hayo bado yapo duniani kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, aliyanakili kinyume cha sheria na akayatunza. Hilo nalo ni ukweli, na sheria za hakimiliki zilivyo leo hazina jibu la maana kwa mtu huyo.

Kwa hiyo nimebaki na msimamo usioniridhisha sana: kunakili kitu ambacho mwenyewe bado anakiuza ni kumwibia, na kutunza kitu ambacho mwenyewe amekitupa ni kumfanyia kazi aliyoikataa. Banda letu lilifanya yote mawili kwa mashine zilezile.

## "Banda lipi?"

La pili ndilo lililonigeuza.

Nilimpigia dada yangu, mama yake mtoto, nikamweleza yote niliyokuwa nikiyafikiri. Nikamwambia tatizo ni kwamba watoto wa siku hizi hawana banda. Tungekuwa na banda, nikamwambia, mtoto asingelala na njaa kwa ajili ya seva ya watu asiowajua.

Alininyamazia kidogo, kisha akasema: "Banda lipi, mdogo wangu? Mimi mle ndani sikuwahi kuingia."

Dada yangu alikulia nyumba ileile, mtaa uleule. Alipitia mlango wa banda kila siku akienda dukani na akirudi. Alikuwa akitumwa kuja kuniita, anasimama nje ya pazia, anaita jina langu mara moja, anaondoka haraka kabla watu hawajaanza kumsemea. Mle ndani palikuwa na matusi, palikuwa na wanaochezeana pesa, palikuwa na vijana wakubwa ambao hata mimi nilikuwa nikiwaogopa. Msichana akiingia, jioni hiyohiyo habari imefika nyumbani.

"Hata bao," akaendelea, "nani alinifundisha? Babu alikuwa akikufundisha wewe barazani, mimi napita na ndoo."

Hilo la bao ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimepanga kuliandika kama mfano wangu wa mwisho. Bao ndilo gemu lisilozimika: mashimo 32, kete 64, na ubao ukikosekana watu wanachimba mashimo ardhini na kuokota kokoto. Hatua na kanuni zake, namua, mtaji, nyumba, kutakata, vyote vimo vichwani mwa watu. Babu hakuwa na leseni ya mtu. Lakini kichwani mwa nani? Babu alichagua. Alimpa mjukuu wa kiume, na yule wa kike akabaki na ndoo.

Dada akanieleza kitu ambacho sikuwa nimekiona. Mwanawe, kwa simu ile, alikuwa na mahali pa kucheza na wenzake bila kuvuka mlango wa mtu, bila kuomba ruhusa ya mwenye banda, bila kunong'onwa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kike katika ukoo wetu kuwa na gemu lake mwenyewe na kuwa na sauti ndani yake. Yule msichana wa Mombasa asingempata bandani hata kama mabanda yangejaa Mbagala nzima.

"Usinirudishie banda," alisema. "Nirudishie nyumba ya mtoto."

Sikulala mapema usiku ule. Nilifuta aya ya kufungia.

## Wanachosema wenye seva

Hoja yangu ya mwanzo ilianguka kwa sababu iliusifu mlango uliowafungia wengine nje. Kilichobaki ni kidogo na kigumu zaidi. Mpwa wangu amepata alichokikosa mama yake, na mtu mmoja ofisini mbali huko ameweza kukifuta asubuhi moja kwa aya mbili. Yote mawili ni kweli, na teknolojia iliyofungua ndiyo iliyofunga.

Nikasoma wenye makampuni wanajibu nini, kwa haki yao. Chama chao cha Ulaya, Video Games Europe, kilitoa maelezo Julai 2025. Wanasema kuwaachia wachezaji waendeshe seva zao wenyewe kuna hatari: hakuna tena anayelinda taarifa za watu, hakuna anayeondoa maudhui haramu, na mambo yakiharibika mwenye hakimiliki ndiye atakayelaumiwa. Wanaongeza kwamba magemu mengi yamejengwa tangu msingi yawe ya mtandaoni, na kuyabadilisha ni gharama kubwa.

Hoja ya usalama naichukulia kwa uzito wote. Mimi ni mjomba wa mtoto wa darasa la sita anayezungumza na watu nisiowaona. Seva ikiwa na mtu anayeisimamia, angalau kuna wa kumlalamikia. Seva inayoendeshwa na mtu asiyejulikana naiogopa.

Lakini hoja hiyo inahusu wageni. Haihusu nyumba.

Nyumba ya mpwa wangu, kwa maana ya data, ilikuwa orodha: ukuta huu uko hapa, pazia hili rangi hii, ua hili limepandwa pale. Haina taarifa za mtu mwingine, haina mazungumzo. Wangeweza kumwezesha aifungue akiwa peke yake, bila intaneti, atembee vyumbani. Wangeweza basi hata kutoa taarifa miezi mitatu kabla, ndani ya gemu lenyewe na kwa lugha anayoisoma, apige picha za kila chumba na kumuaga yule rafiki wa Mombasa. Tangazo lilikuwa kwenye ukurasa ambao mtoto hana sababu ya kuufungua. Hilo halihusiani na ugumu wa kiufundi. Ni kutomfikiria aliye upande wa pili.

Na wapo waliomfikiria. Mwaka 2023 studio ya Marekani, Velan Studios, ilipozima seva za gemu lake la Knockout City, iliacha bure toleo la kompyuta ambalo wachezaji wanaweza kuliendesha kwenye seva zao wenyewe. City of Heroes, gemu la mashujaa lililozimwa na NCSoft ya Korea Kusini mwaka 2012, lilifufuliwa kwa siri na mashabiki, na Januari 2024 kampuni hiyohiyo ikawapa mashabiki wa seva iitwayo Homecoming leseni rasmi. Walilotunza bila ruhusa likapata ruhusa. Nilipolisoma hilo nilifurahi kweli, kwa sababu linagusa lile swali la diski zetu lililokuwa halijanitoka.

## Ninachowaomba

Nasema sasa na vijana wetu wanaotengeneza magemu, kwa sababu Ubisoft hawatanisoma, na nyinyi mtanisoma.

Amueni mwisho wa gemu lenu mkiwa bado mnaandika mwanzo wake. Wahandisi waliopitia haya wanasema ni rahisi zaidi kuweka njia ya kucheza bila seva siku ya kwanza kuliko kuitafuta baada ya miaka, pesa zimekwisha na timu imetawanyika. Kitu ambacho mchezaji anakijenga, kihifadhiwe kwenye simu yake pia. Kwetu hilo lina faida hata kabla ya mwisho: bando ni ghali, umeme unakatika, mtandao unapotea njiani Segera, na gemu linalofunguka bila intaneti ndilo litakalochezwa.

Kama mnajua mtafunga, semeni mapema, ndani ya gemu, kwa Kiswahili.

Na kwa wazazi na wajomba wenzangu: mtoto anapotaka kuweka gemu jipya, zimeni data kwanza kisha mlijaribu pamoja. Mtajua dakika ileile kama anachokijenga kitakuwa kwake au kwa watu. Sisemi mkatae yale ya mtandaoni. Msichana wa Mombasa hakupatikana kwa njia nyingine, na tumeanza kumtafuta, mimi na dada, kwa jina lake la gemu tu. Mwenye mtoto anayeulizia rafiki aliyekuwa na bustani ya alizeti na chumba cha bibi chenye pazia la zambarau, aniandikie.